.308, .30-06, .300 Magnum, 6.5 Creedmoor, .375: masafa ya uhakika ni mita ngapi hasa? (Uzi mrefu)

#1 Mtutu_Baridi (mleta uzi)

Wakuu, salaam kwenu.

Swali linalorudi kila mara kwa wawindaji ni hili: kaliba gani (yaani aina gani ya risasi) inafika mbali? Majibu huja mbio. Huyu anasema .300 Winchester Magnum inaangusha mnyama mita 800, yule anasema .308 imepitwa na wakati, wa tatu anaapia .375 yake. Nimewinda miaka 19, nimepitia bunduki nne, na kuna mnyama mmoja niliyemjeruhi ambaye hadi leo nikimkumbuka nakosa raha. Ndiyo maana naandika kwa kirefu.

Mwenye haraka achukue hili moja. Kuna masafa matatu: pale risasi inapoacha kwenda ulipolenga, pale kichwa chake kinapoacha kuchanua ndani ya mnyama, na pale mikono yako inapoacha kutulia. Masafa yako ya uhakika ni yaliyo mafupi kuliko yote kati ya hayo. Na kwa karibu kila mtu niliyewahi kusimama naye uwanjani, ya mikono ndiyo yaliyokwisha kwanza.

Tuanze na maneno, maana nusu ya ubishi wetu unatoka hapo. "Risasi" tunaita kitu kizima: ganda, fataki (kiwashio cha baruti) kwenye kitako cha ganda, baruti ndani, na kichwa mbele. Kinachoruka ni kichwa peke yake. Namba kama .308 inakueleza unene wa kichwa kwa sehemu za inchi, basi. Haikuelezi ganda linabeba baruti kiasi gani. Ndiyo maana .308 Winchester, .30-06 Springfield na .300 Winchester Magnum zote zinarusha kichwa cha unene uleule wa milimita 7.82, lakini ni risasi tatu tofauti kabisa. Soma maandishi kwenye mtutu, soma yaliyogongwa kwenye kitako cha ganda, hakikisha yanafanana. Kosa la hapo linaweza kuupasua mtambo usoni mwako.

.30-06 ilipokelewa na jeshi la Marekani mwaka 1906, na hiyo 06 ndiyo mwaka wenyewe. Ganda lake lina milimita 63. Baruti zilipoboreka ganda likafupishwa hadi milimita 51, na mwaka 1952 ikaingia sokoni .308. Sasa angalia kasi. Kichwa cha gramu 11.7 (kwenye boksi utaona greini 180, maana gramu moja ni greini 15.4 hivi) kinatoka kwenye mtutu wa .30-06 kwa mita 823 kwa sekunde. Kwenye .308 kinatoka kwa mita 800 hivi. Tofauti ni mita 23. Nimeona watu wazima wakinuniana kwa ajili ya hizo mita 23, na mnyama aliyepigwa mapafuni hawezi kuzitofautisha.

.300 Winchester Magnum ya mwaka 1963 inakitoa kichwa hichohicho kwa mita 900 hivi. Hapo tofauti ni ya kweli. Nguvu mtutuni inafika jouli 4,700, wakati .308 yenye kichwa cha gramu 10.9 ina kama 3,550. Ila bega nalo linalipa: katika bunduki za uzito sawa, teke (bunduki inavyokusukuma begani ikilia) la hiyo magnum ni karibu mara moja na nusu ya lile la .308. Nitarudi kwenye teke, maana ndilo jambo watu wanalipuuza kuliko yote.

Ukitaka kuona ngazi nzima: .22 ndogo ya sungura ina jouli zisizofika 200. .223 yenye kichwa cha gramu 3.6 ina kama 1,740. .270 Winchester (ya mwaka 1925, kichwa gramu 8.4) ina kama 3,660. .375 H&H ya mwaka 1912 inasukuma gramu 19.4 na kufikisha jouli 5,700. .458 Winchester Magnum ya 1956 inasukuma gramu 32.4 na kukaribia 6,900. Lakini hizo ni namba za mdomoni mwa mtutu, na mnyama hasimami mdomoni mwa mtutu.

Naweka nukta hapa, ulizeni.

---

#2 fataki88

Mkuu umeanza vizuri. Mimi ninayo .300 Magnum na nimeona video nyingi, jamaa wanapiga chuma mita 700, 800, kengele inalia. Kwa nini useme mikono ndiyo inaisha kwanza? Bunduki inafika.

---

#3 Mtutu_Baridi

Ndugu yangu, inafika, hilo halina ubishi. Kichwa cha .30-06 kikirushwa juu kinaweza kwenda zaidi ya kilomita 3, na hata ile .22 ndogo inavuka kilomita moja. Kufika ni jambo moja. Kufika kwenye duara la sentimeta 15 ambamo moyo na mapafu vinakaa ni jambo lingine.

Chukua .308, iseti darubini ipige katikati kwenye mita 200. Mita 100 itakuwa juu kama sentimeta 5. Mita 300 iko chini robo mita hivi. Mita 400, sentimeta 75. Mita 500, mita moja na nusu. Sasa chukua .300 Magnum yako, seti vilevile mita 200. Mita 300 iko chini kama sentimeta 20. Mita 400, kama 60. Mita 500, kama 120.

Umeona mahali pa kushangaza? Kwenye mita 300, ile nguvu yote ya ziada, teke lote lile, vimekuokolea sentimeta 5. Sentimeta tano ni upana wa vidole vitatu. Faida kubwa inaanza mita 400 kwenda mbele, na huko ndiko adui mwingine anapokusubiri, naye ni umbali usioujua. Ukidhani ni mita 400 kumbe ni 450, .308 inashuka zaidi ya sentimeta 30 za nyongeza, na magnum yako inashuka zaidi ya robo mita. Zote mbili zimetoka nje ya duara. Magnum haikukuokoa. Kipima umbali kingekuokoa.

Kisha upepo. Upepo wa kilomita 16 kwa saa ukivuma ubavuni, yaani upepo wa kutikisa matawi madogo tu, unaisogeza .308 kama sentimeta 22 kwenye mita 300. Magnum inasogea kama 18 au 19. Na ukiuongeza umbali mara mbili, kusogea hakuongezeki mara mbili, kunazidi mara nne. Kushuka kwa risasi unaweza kukukariri kwa sababu mvuto haubadiliki tangu asubuhi hadi jioni. Upepo unabadilika ukiwa unavuta pumzi. Na ule unaousikia shavuni mwako siyo lazima uwe ndio ule ulioko katikati ya bonde.

La tatu, muda. Kichwa cha .308 kinatumia kama sekunde 0.42 kufika mita 300. Mnyama anayetembea polepole, akila, anaenda mita moja na ushee kwa sekunde. Ukivuta kifyatulio wakati ananyanyua mguu, risasi inamkuta mbele nusu mita. Ulilenga mapafu, umepiga tumbo. Kengele ya chuma haitembei, mkuu. Na ikipigwa pembeni haiendi kufa vichakani usiku.

---

#4 NyayoMbichi

Hapo kwenye kutembea umenigusa. Nimewahi kupoteza mnyama hivyohivyo, mita 250 tu, na nililenga vizuri kabisa.

Naomba utuambie kuhusu 6.5 Creedmoor. Kuna wanaosema ni kaliba ya ajabu, kuna wanaosema ni ya kitoto. Ukweli uko wapi?

---

#5 Mtutu_Baridi

Ukweli ni mtamu hapa, na ni mahali ninapopenda kukaa.

6.5 Creedmoor ilitoka mwaka 2007 na haikubuniwa kwa ajili ya wawindaji, ilibuniwa kwa ajili ya wapiga shabaha wa mbali. Kichwa chake ni chembamba na kirefu, kina pua kali na kitako kilichochongoka kidogo, hivyo hewa inapata shida kukizuia. Kichwa cha gramu 9.3 kinatoka kwa mita 823 kwa sekunde, jouli kama 3,140. Mtutuni iko nyuma ya .308 kwa jouli 400. Sasa nenda nazo hadi mita 300. .308 imeshuka hadi kama 2,150. Ile 6.5 nayo iko kwenye 2,130 hivi. Zimelingana! Ilianza nyuma, imefika pamoja, na kuanzia hapo inaongoza. Upepo uleule wa kilomita 16 unaisogeza sentimeta 16 badala ya 22. Na teke lake ni dogo kuliko la .308.

Ndiyo maana nasema usilinganishe kaliba kwa ganda peke yake. Umbo la kichwa ni nusu ya habari. Ukiipa .300 Magnum kichwa kifupi chenye pua ya mviringo, umenunua injini kubwa ukaifungia mwili wa tofali.

Kwa wanaoiita ya kitoto: unene huohuo wa milimita 6.5 una mzee wake, 6.5x55 ya Uswidi na Norwei ya mwaka 1894. Wawindaji wa kule wameutumia kwa elki, mnyama wa kilo mamia, kwa vizazi. Wanachagua kichwa kirefu kizito, wanasogea karibu, wanapiga mapafu.

Hapa niingize yale masafa ya pili niliyoyataja mwanzo, kuchanua. Kichwa laini cha kuwindia kimetengenezwa kifunguke kikigonga, ili jeraha liwe pana. Kinahitaji kasi. Vingi vya kawaida vinataka mita 550 hivi kwa sekunde wakati wa kugonga. Vipo vya siku hizi vinavyofunguka hata chini ya hapo, soma boksi. .308 yenye kichwa cha gramu 10.9 na umbo zuri inafika kwenye kasi hiyo kama mita 450 hivi. Ukivuka hapo kichwa kinaweza kupita kama sindano: tundu dogo kuingia, tundu dogo kutoka, damu kidogo, na mnyama anakimbia kilomita. Basi hata ungekuwa na mikono ya jiwe, .308 ya kawaida kwa kuwinda imekwisha hapo.

Na namba za boksi zilipimwa kwa mtutu mrefu, mara nyingi wa inchi 24. Bunduki yako ikiwa na mtutu wa inchi 20, ondoa mita 30 hivi kwa sekunde kabla hujaanza kujisifu.

---

#6 Mbogo_Mkavu

Mleta uzi, heshima yako. Mimi niko upande wa wanyama wakubwa. Vijana wengi wanadhani .458 kwa kuwa ni kubwa basi inafika mbali. Na kuna wanaoniletea habari za Bell, mwindaji wa zamani, kwamba alipiga tembo kwa bunduki ndogo kwa hiyo kaliba kubwa ni woga tu. Lisemee hilo.

---

#7 Mtutu_Baridi

Shikamoo mzee. Nitajaribu, nikikosea unirekebishe.

W.D.M. Bell, yule wa Karamoja, alipiga tembo zaidi ya 1,000, na wengi wao kwa 7x57 Mauser, kaliba ya miaka ya 1890 ambayo Waingereza waliiita .275 Rigby. Hilo ni kweli. Lakini wanaolitaja wanaacha yaliyobaki. Bell alipasua vichwa vya tembo kwa msumeno ili ajue ubongo unakaa wapi kutoka kila upande. Alitumia vichwa vya risasi vigumu, virefu, visivyochanua, vinavyokwenda moja kwa moja kwenye mfupa. Alikuwa akipiga kutoka karibu sana, na alikuwa mpigaji wa kipekee. Ukiiga kaliba yake bila kuiga hayo mengine, hujamwiga Bell.

Kuhusu kubwa kufika mbali, mambo yako kinyume. .458 inasukuma kichwa cha gramu 32 kwa mita 650 hivi kwa sekunde, kizito, kinene, chenye pua butu. Kinapoteza kasi haraka na kushuka kama jiwe. Kazi yake ni mita 20, 30, 50, mnyama akiwa anakutazama usoni. Hata pale mtutuni haikuwa kamili. Ganda lake ni fupi, na baruti ya siku zile ilikuwa ikishindiliwa hadi nyingine zinagandamana na kuwaka vibaya. Jack Lott, Mmarekani, alipigwa na nyati Msumbiji mwaka 1959, akanusurika, na baadaye akatengeneza .458 Lott yenye ganda refu zaidi ili kichwa kilekile kipate kasi ya mita 700 kwa sekunde. Aliyekwisha kupigwa na nyati huwa habishani juu ya namba za karatasi.

.375 H&H ni habari nyingine, na hapo naungana na wanaoiapia. Kwenye mita 200 za kwanza kichwa chake cha gramu 19.4 kinaruka karibu sawa na kichwa cha gramu 11.7 cha .30-06. Yaani unashika bunduki ya nyati ambayo kwa swala wa mita 180 haikudai hesabu mpya. Nchi kadhaa za Afrika zimeiweka kuwa kaliba ya chini kabisa inayoruhusiwa kwa wanyama hatari. 9.3x62 ya Otto Bock wa Berlin, ya mwaka 1905, iko karibu sana nayo, na baadhi ya sheria zinaikubali kwa hao wanyama. Lakini kwa nyati hata .375 mimi sivuki mita 80. Siyo kwa sababu ya kushuka kwa risasi. Ni kwa sababu nataka kuona bega lipo wapi hasa, nataka nafasi ya risasi ya pili, na nataka kujua nyati wa nyuma yake yuko wapi.

---

#8 Mbogo_Mkavu

Marahaba. Hujakosea. Mimi navuka 60 kwa shida.

---

#9 Kilima_Saba

Samahani mkuu, mimi naona unawatisha watu bure. Nimeangusha mnyama mita 450 kwa .300 Magnum, risasi moja, hakutembea hatua mbili. Ninao mashahidi. Mtu akifanya mazoezi anaweza. Wewe unaandika kana kwamba mita 300 ni mwisho wa dunia.

---

#10 Mtutu_Baridi

Kaka, nakuamini, wala sihitaji mashahidi. Na yuko anayeweza kurudia hilo mara tisa kati ya kumi, kwa kipima umbali, kwa jedwali la risasi yake mwenyewe, akiwa amelala na bunduki imeegemezwa mbele na nyuma. Huyo masafa yake ni hayo. Ninalouliza ni moja: mara ngapi umejaribu? Tunasimulia zile zilizoanguka. Zile zilizoondoka na jeraha hazina msimulizi.

Ngoja nikusimulie yangu.

Nilikuwa na .300 Magnum, ya pili kati ya zile bunduki nne. Tandala dume alisimama ng'ambo ya bonde, ubavu wote wazi. Nikakisia mita 280. Niliketi, viwiko juu ya magoti, na nilikuwa nimetoka kupanda mlima kwa haraka. Nakumbuka msalaba wa darubini ulikuwa unapanda na kushuka na mapigo ya moyo wangu, toka juu ya bega hadi chini ya kifua. Nilipokuwa mimi hapakuwa na upepo. Chini bondeni nyasi zilikuwa zimelala upande mmoja, na niliziona. Niliziona kabisa, nikazipuuza kwa sababu nilikuwa nimeshika magnum.

Nikavuta. Baada ya mlio nikasikia ule mgoto mzito, kama mtu aliyepiga gunia lenye maji. Risasi ya mapafu haina sauti hiyo.

Nilihesabu hatua hadi pale aliposimama: 341. Kulikuwa na unyoya wa kahawia uliokatwa, matone ya damu nyeusi nyeusi, na ndani yake vipande vya kijani vya majani yaliyotafunwa. Damu ya mapafu ni nyekundu ya kung'aa, ina povu. Hii haikuwa na povu. Nikakaa chini. Mnyama wa tumbo ukimfuata papo hapo anakwenda mbali, kwa hiyo nikasubiri, na kule kusubiri kulikuwa kubaya kuliko kufuata. Kisha nikafuata damu kwa zaidi ya saa tatu, tone hapa, tone hatua ishirini mbele, mara nyingine kwa kugusa jani na kutazama kidole. Nilimkuta jua likizama, amelala chini ya mti akiutazama upande aliotokea. Alijaribu kuinuka mara mbili. Nilimaliza kwa mita 30, kwa mikono iliyokuwa inatetemeka.

Nilikosea umbali kwa mita 60, nikakosea upepo, na mnyama alikuwa amepiga hatua. Makosa matatu, kila moja dogo. Kaliba ilikuwa na nguvu za kutosha kwa mara mbili ya umbali ule, na haikusaidia chochote. Ile bunduki niliiuza mwaka huohuo.

---

#11 Kilima_Saba

Nimekusoma hadi mwisho. Niseme ukweli, mita 450 nilijaribu mara mbili. Ya kwanza ilianguka. Ya pili sikuiona tena.

---

#12 NyayoMbichi

@Kilima_Saba asante kwa kusema.

---

#13 MgeniWaPori

Wakuu shikamooni wote. Mimi ni mgeni, nina kibali kipya na .308. Nimesoma yote nikaogopa kidogo. Nitajuaje masafa yangu mimi? Na hilo la teke mleta uzi uliahidi ukaliacha.

---

#14 Mtutu_Baridi

Marahaba mdogo wangu, na umefanya vizuri kunikumbusha.

Teke kwanza. Mwili unajifunza haraka kuliko akili. Ukipigwa begani mara tano na bunduki kali, mara ya sita mwili unajikunja kabla ya mlio: jicho linafumba, kidole kinavuta kwa nguvu, mtutu unazama. Wewe huhisi kitu, maana mlio unafunika kila kosa. Dawa ya kuligundua ni rafiki. Ageuke akuwekee bunduki, mara na risasi, mara tupu, wewe usijue. Ikiwa tupu na mtutu ukaruka chini peke yake, umeuona ukweli kwa macho. Mtu anayejikunja na .300 Magnum anapiga vibaya kuliko yuleyule akiwa na .308 au 6.5, kwenye umbali wowote. Kwa hiyo magnum yake imempunguzia masafa. Natamani kila anayeuliza "inayofika mbali" angefanya jaribio hilo kabla ya kununua.

Sasa masafa yako. Kata karatasi za duara la sentimeta 15. Usipige mezani. Mezani bunduki nzuri inaweka matundu yote ndani ya sentimeta 3 kwa mita 100, na hiyo ni sifa ya bunduki, si yako. Piga vile utakavyokuwa porini: umesimama bila kitu, umesimama na vijiti vya miguu mitatu, umeketi, umelala. Kabla ya kila risasi kimbia kidogo hadi moyo uende mbio, kisha una sekunde kumi.

Anza mita 50. Risasi tano, zote ziwe ndani ya karatasi. Zikiwa ndani, rudi nyuma mita 25. Siku moja haitoshi. Rudia siku nyingine, ya upepo, ya joto, na uhesabu hasa ile risasi ya kwanza ya mtutu baridi, maana porini hiyo ndiyo utakayopiga. Umbali wa mwisho ambao zote tano zilikaa ndani, katika mkao huo, ndiyo masafa yako ya mkao huo. Utakuwa na namba nne, siyo moja. Usishtuke ya kusimama ikiwa fupi. Yangu ya kusimama bila kitu ni mita 75.

Nyumbani fanya mazoezi ya bunduki tupu. Hakikisha mara tatu ni tupu, risasi ziwe chumba kingine, elekeza pasipo na mtu nyuma, lenga alama ndogo, vuta kifyatulio polepole na utazame kama msalaba umetikisika. Dakika kumi kwa siku. Mimi hilo lilinipa mita 50 kwenye vijiti, bila kubadilisha kaliba.

---

#15 fataki88

Nimefanya lile jaribio la risasi na tupu na mdogo wangu. Mara ya tatu ilikuwa tupu. Mtutu ulizama kama nimeusukuma kwa mkono. Sikuamini, nikamwambia arudie. Ukazama tena.

Miaka minne nayo hii bunduki.

---

#16 Mtutu_Baridi

Inatibika, mkuu, usiiuze kwa hasira. Weka mpira mzuri wa kitako, vaa vizuia sauti masikioni na plagi ndani yake, maana nusu ya woga ni mlio. Tafuta risasi zenye kichwa chepesi au baruti pungufu. Kisha rudi kwenye .22 kwa risasi mia kadhaa hadi kidole kisahau. Ukirudi kwenye magnum, usipige zaidi ya tano kwa siku.

---

#17 MgeniWaPori

Nimerudi na majibu, wakuu. Siku mbili tofauti, moja ilikuwa na upepo. Kusimama bila kitu mita 50 tu, kwenye 75 ya nne ilitoka nje. Vijiti mita 150. Kuketi mita 125, nilidhani ingekuwa zaidi. Kulala mita 225.

Swali la mwisho: kwa namba hizi niseti darubini mita ngapi? Kuna aliyeniambia niseti 300 ili nisihangaike.

---

#18 Mtutu_Baridi

Hizo ni namba nzuri kwa mwanzo, na nimefurahi umeandika na ile iliyotoka nje.

Usiseti 300. .308 ikisetiwa 300 itapiga juu karibu sentimeta 15 kwenye mita 150 na kitu, na hapo ndipo utakapopiga wanyama wako wengi. Utavuka juu ya mgongo. Seti 200. Kisha hakikisha kwa karatasi na risasi zilezile utakazokwenda nazo, si za boksi lingine. Bandika utepe kwenye kitako na uandike kwa kalamu: 100, juu 5. 200, katikati. 250, chini 11. Usiandike zaidi ya hapo kwa sasa. Akiwa mbali kuliko utepe, vua viatu ikibidi, tazama upepo unakotoka, msogelee.

---

#19 MgeniWaPori

Nimebandika. Hiyo 250 nimeiacha tupu kwanza, kulala kwangu kumeishia 225.